Mvuke Hausubiri Harusi

Siku alipoolewa Magreth, mtungi wa kiwandani ulipumua katikati ya swali.

Mchungaji Hosea alikuwa amekwisha kumgeukia bibi harusi na kuishusha sauti. Kanisa lilikuwa kimya. Hata watoto walikuwa wamebanwa mapajani mwa mama zao. "Magreth," mchungaji akasema, "je, unakubali mwanamume huyu awe..." Hapo ndipo, ng'ambo ya ua wa manyara, kwenye kiwanda cha alizeti cha akina mama wa Issuna, valvu ilipofunguka. Fuuuuuu! Upepo wa kiangazi ukaubeba mlio ule mzimamzima na kuuingiza madirishani. Bibi harusi akaruka. Bwana harusi, kijana ambaye hakuwahi kuitwa mwoga, akaonekana chini ya benchi pamoja na msimamizi wake, wamekumbatiana. Na Magreth alipoulizwa mara ya pili, akiwa bado anatetemeka, alijibu, "Sijui."

Mara ya tatu alikubali, na mpaka leo wanaishi kwa amani. Lakini kabla pilau haijapakuliwa, neno lilikuwa limeshafika sokoni: mashine ya akina mama imemkatalia Magreth mume.

Aliyeiendesha mashine hiyo ni Damari, ambaye watu humwita Mama Benjamin. Alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya, na alikuwa na desturi ya kusali kabla ya kila jambo, hata kabla ya kupiga simu. Siku ile alikuwa amesimama na kwaya hapohapo mbele, na mlio ulipoingia alitamani ardhi ipasuke immeze na joho lake.

Haikupita wiki, Mzee Zefania, mzee wa kanisa, akamwita kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa hapo. Mama Benjamin, wewe ni wa kwetu. Ungekuwa mtu wa kuja, ningesema maneno mengine."

"Unisamehe baba."

"Wewe sina neno nawe. Neno langu ni hicho chombo chako. Wazee tumekaa. Unajua Flora wangu anaolewa mwezi ujao. Kikipiga kelele na siku hiyo, kihamishwe. Kipelekwe kule kwenye mawe, kikapige kelele na pimbi."

"Kule kwenye mawe hakuna umeme wala maji, baba. Kukihamisha ni kukiua."

"Basi kifundishwe adabu."

"Na kama siku hiyo tukikizima tu?"

Mzee akatikisa kidole. "Hapana. Msimu huu wa mavuno kuna harusi karibu kila Jumamosi, kuna ibada za katikati ya wiki, kuna misiba. Mtazima mara ngapi? Mlevi akifungiwa ndani hatusemi ameacha pombe. Nataka kiwe kinafanya kazi, na kinyamaze mwanangu anapoulizwa."

Damari aliondoka pale na roho mkononi. Kabla ya mashine ile, akina mama walikuwa wakiuza alizeti zao mbichi kwa wachuuzi waliowawekea bei walivyotaka wao. Sasa walikamua wenyewe, mafuta wakauza, na mashudu wakawapa kuku na ng'ombe. Kiwanda kikifungwa, watarudi kulekule kwenye foleni ya wachuuzi. Ni kweli mafundi wa mjini walikuwa wameahidi kuleta bomba nene la kupunguza mlio, lakini ahadi hiyo ilikuwa ya tangu masika.

Alichobaki nacho Damari ni darasa la jioni.

Alikuwa ameacha shule akiwa darasa la nne, na sasa, nywele zimeanza mvi, alirudi kukaa kwenye dawati ambalo magoti hayakuingia. Darasa lilifanyika kwenye chumba kimoja cha shule ya sekondari, baada ya wanafunzi wa mchana kwenda nyumbani. Mwalimu aliitwa Saada, binti wa wafanyabiashara wa Singida mjini, mdogo kuliko Benjamin wa Damari. Kila jioni ilianza namna moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Lakini ukishaniamkia, sahau. Usije ukaniogopa ukanipa maksi za bure."

"Maksi za bure sina, mama. Hata mama yangu mzazi nisingempa."

Jioni hiyo Damari aliinua mkono kabla hata ubao haujafutwa, akaeleza yaliyompata. Darasa zima lilicheka habari ya benchi, na Saada naye alijificha nyuma ya mtandio wake mpaka mabega yakatulia. Kisha akachukua chaki, akachora mtungi.

"Tuanze mwanzo. Nieleze mashine yako kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuiona."

Damari akasimama. "Ni pipa la chuma nene, mwalimu. Tunaingiza mbegu, tunakaza kifuniko. Mvuke unatoka kwenye boila, unaingia kuzilainisha ili zitoe mafuta yote zikifika kwenye kinu. Zikishalainika, mvuke lazima utolewe ndipo tufungue. Zamani nilikuwa nafungua valvu kwa mkono. Mwaka huu tumewekewa kisanduku chenye vitufe. Ukikiandikia maagizo, chenyewe kinafungua kwa saa uliyokipangia."

"Na kati ya kufungua mara moja na mara nyingine?"

"Tukipunguza moto, mbegu zinalainika polepole. Mtungi unaweza kukaa kimya muda mrefu, hata kupita ibada yenye mahubiri mawili. Lakini kabla ya kimya hicho, mvuke uliomo ndani lazima utoke wote. Na huo ndio mlio mkubwa."

"Vizuri. Kwa hiyo kimya unacho. Kazi yako ni kukiweka mahali pake." Saada akageuka. "Lakini mvuke hauna adabu, mama. Haumheshimu mkwe wala mchungaji. Mstari wa kwanza wa programu yako utasemaje?"

"Mshale wa kipimo cha mvuke ukigusa nyekundu, fungua."

"Hata kama?"

"Hata kama anayeongea ni malaika Gabrieli."

"Na kitufe cha kuuzuia mvuke usitoke, utaweka?"

Damari akatikisa kichwa. "Siweki. Mimi najijua, mwalimu. Ni mwepesi wa kuona haya. Mchungaji akinitazama tu, nitakibonyeza, tulipuke wote na bibi harusi."

Wakaanza kuandika. Damari alijifunza kusema na chombo kama mtu anayemtuma mtoto mzito wa kuelewa: kama hivi, basi vile, la sivyo, subiri. Mlio mkubwa alitaka uangukie wakati bibi harusi anapoingia mlangoni, maana hapo vigelegele vya Issuna huweza kufunika hata treni. Baada ya hapo kimya kirefu: mahubiri, kiapo, pete, baraka.

"Kadi inasema ibada ni saa ngapi?" Saada akauliza.

"Saa nne asubuhi."

"Basi bibi harusi anaingia saa nne. Andika."

Darasa likaangua kicheko. Damari mwenyewe alishika dawati asianguke.

"Mwalimu," akasema akijifuta machozi, "saa nne ya kadi ni saa ambayo bwana harusi anaanza kutafuta soksi. Na huyu Clement wa Flora anatoka Sekenke, kule migodini, ndugu zake wanajaa basi zima. Watasimama njiani kununua vitunguu. Mmoja atasahau suti. Nimeimba kwenye harusi za hapa tangu nikiwa msichana, sijaona hata moja iliyoanza kabla ya saa tano."

"Una hakika?"

"Kama ninavyomjua Mungu."

Saada akainua mabega. "Harusi ni zenu, mama. Mimi nawafundisha valvu."

Basi Damari akapanga saa yake kwa uzoefu, akaongeza na ucheleweshaji wa foleni ya picha nje ya kanisa. Alipomaliza alikisoma kile alichokiandika mara nyingi, kama mtu anayesoma zaburi, na moyo wake ukatulia.

Asubuhi ya harusi, pale kiwandani, aliweka kiganja juu ya kisanduku na kufumba macho. "Bwana, wewe ndiye unayeiambia mvua ije kwa wakati wake. Na hiki nacho kiambie. Usiniaibishe mbele ya Mzee Zefania. Na wenzangu usiwarudishe kwa wachuuzi. Amina."

"Ongeza na upepo ugeuke," alisema Alute, kijana mwenye mikono mirefu aliyekuwa akilisha boila maganda ya alizeti. "Uende Manyoni huko, ukawatishe wengine."

"Alute, hayo si ya mzaha. Wewe kazi yako leo ni moja: moto uwe mdogo kama nilivyokuonyesha, na usiguse kitu."

"Mama Benja, mimi nikigusa hata ugali leo, nihamishwe kwenye mawe."

Damari akaacha simu yake kwenye pindo la kanga iliyotundikwa ukutani, kwa kuwa mwanakwaya hasimami mbele za Mungu na simu, akavuka ua wa manyara kwenda kanisani akiwa na uhakika kwamba atakuta viti vitupu na mtu mmoja anafagia.

Akakuta kanisa limejaa.

Clement alikuwa amekaa mahali pake mbele, viatu vinang'aa, soksi anazo zote mbili. Ndugu zake wa Sekenke walikuwa safu tatu nyuma yake, wanapiga miayo. Damari akamsogelea mama mmoja wa upande ule.

"Mmefika lini?"

"Jana mchana, dada. Baba mkwe alituagiza tulale hapa. Asubuhi kapita na fimbo, anagonga kila mlango. Hata chai tumekunywa tumesimama."

Papo hapo kengele ikalia, na Flora akaingia mkono kwa mkono na Mzee Zefania, saa nne kamili, kama kadi ilivyosema. Vigelegele vikapaa mpaka bati zikatetemeka. Kiwandani, mtungi ukakaa kimya, mtiifu kabisa, unangoja saa yake.

Damari aliimba wimbo wa kuingilia bila kujua anaimba nini, kisha sala, masomo na utambulisho wa ndugu wa pande zote mbili vikala karibu saa nzima. Bado alikuwa na tumaini moja: mahubiri. Mchungaji Hosea hajawahi kuhubiri kifupi tangu apakwe mafuta. Watu huweka maharage jikoni akianza, wakarudi yameiva naye bado yuko Misri na wana wa Israeli. Lakini siku hiyo, kwa kuwa Mzee Zefania alikuwa amemwomba sana, alihubiri kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Alimtaja Adamu, akamtaja Hawa, akafunga Biblia.

Damari akatazama saa ya ukutani. Saa aliyokuwa ameipangia bibi harusi kuingia mlangoni ilikuwa imekaribia, na sasa ilikuwa inamwelekea Flora na swali lake.

Alifikiria kumkimbilia Alute afungue mapema kwa mkono. Lakini mpaka atoke mbele ya watu wote, azunguke ua, swali litakuwa limefika. Alifikiria kile kitufe ambacho hakukiweka. Akajuta. Halafu papo hapo akamshukuru Mungu kwamba hakukiweka, maana hakika angekwenda kukibonyeza. Mvuke ungetoka kwa saa yake, hilo halina dawa. "Bwana," akaomba moyoni, "mvuke hausubiri. Nifanyeje?"

Naye mchungaji akasema, "Kwaya ituongoze kwa wimbo mmoja mfupi, kisha tuingie katika kiapo."

Damari akafungua macho. Mvuke hausubiri, lakini watu je? Watu wa Issuna wamekuwa wakisubiri harusi maisha yao yote, wala hakuna aliyekufa.

Akaanzisha wimbo. Ulikuwa na beti tatu, na kwaya iliziimba zote vizuri, ikashusha sauti kwa ajili ya kumaliza. Damari hakumaliza. Akarudi kwenye kiitikio, kwa nguvu, akipiga makofi. Wenzake wakatazamana, lakini mwanzishaji akishika njia, kwaya hufuata. Kiitikio kikapita tena. Mchungaji akasogea mbele na kitabu chake mkononi, akatabasamu tabasamu la mtu anayetaka nafasi. Damari akamtabasamia na yeye, akarudi ubeti wa kwanza.

"Shangazi za Flora mko wapi?" akapaza sauti katikati ya wimbo. "Mtoto anakwenda Sekenke hivyohivyo, bila kuchezewa ngoma?"

Hakuna shangazi wa Kinyaturu anayeweza kuulizwa hivyo akabaki kwenye kiti. Walitoka, wakubwa kwa wadogo, kanga mkononi, na wale wa Sekenke, kwa kuwa hawakutaka kuonekana wamechoka, wakatoka na wao. Mpiga ngoma wa kwaya akaona leo ni leo. Flora akaanza kutikisa mabega ndani ya shela. Mzee Zefania alikuwa amesimama, uso umekunjamana, anatazama saa, anatazama kwaya, anatazama saa.

Damari alikuwa amebakiwa na sauti kidogo sana. Akaitumia yote kwa kigelegele kimoja kirefu. Wanawake wote wakaitikia.

Na hapo mtungi ukaachia.

Ulisikika kama shangazi mmoja zaidi. Aliyekuwa karibu na dirisha aligeuka, akafikiri ni watu wa nje nao wanashangilia, akaongeza chake. Clement peke yake, aliyekuwa amehadithiwa, alilitupia benchi jicho la haraka. Kisha akamwona bibi harusi wake anacheka, akaona aibu, akaacha.

Damari akashusha mkono. Wimbo ukaisha. Mashangazi wakarudi kwenye viti wakihema, na kimya kikubwa kikaingia kanisani, kimya ambacho Damari alikuwa amekiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kwenye dawati lisiloingia magoti. Upepo tu ndio uliosikika, ukipita kwenye bati.

"Flora," mchungaji akasema, "je, unakubali..."

"Nakubali!" akajibu Flora kabla swali halijaisha, kwa sauti iliyosikika mpaka kiwandani.

Baadaye, wakati watu wanaketi kula, Mzee Zefania alimwita Damari pembeni, karibu na masufuria ya pilau.

"Mama Benjamin. Ule wimbo una beti ngapi?"

"Tatu, baba."

"Mimi leo nimehesabu mpaka nikaacha."

Angeweza kusema Roho alimwongoza kurudia, na isingekuwa uongo mtupu. Lakini alikuwa ameomba asiaibishwe, si afunikiwe makosa. "Baba, ule mlio mkubwa ulitoka wakati wa kiitikio. Nilikipangia chombo nikijua mtachelewa. Nilikosea. Nilikuwa nawangojesha mpaka upite."

Midomo ya Mzee ikaanza kumchezacheza. "Mimi niliwalaza watu wa Sekenke kwa jirani zangu, wakanimalizia kuku. Nikazunguka alfajiri na fimbo kama mchunga mbuzi. Nikambembeleza mchungaji afupishe. Unajua kwa nini?"

"Sijui, baba."

"Nilitaka tumalize yote kabla mashine yako haijaamka!"

Wakatazamana. Mzee ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukingo wa sufuria, akauachia kwa kuwa ulikuwa wa moto, akacheka zaidi. Damari naye akacheka mpaka akakaa chini kwenye gunia la mkaa na joho lake la kwaya.

"Kwa hiyo ungeniambia tu utawahi," alisema alipopata pumzi.

"Na wewe ungeniuliza tu. Nani katika nchi hii anauliza harusi itaanza saa ngapi kweli?" Akajifuta macho. "Mimi nilisema hivi: kiwe kinafanya kazi, na kinyamaze mwanangu anapoulizwa. Kilikuwa kinafanya kazi?"

"Kilikuwa."

"Mwanangu alipoulizwa, kilinyamaza?"

"Kilinyamaza, baba."

"Basi kibaki. Nitawaambia wazee. Lakini kuanzia sasa baba wa bibi harusi aje kwako mapema, mkubaliane saa ya kweli. Ya kadi waachie wapiga chapa."

Jioni ya darasa iliyofuata, Saada alisikiliza habari yote bila kukatiza. Mwishoni akamwita Damari ubaoni.

"Kosa lilikuwa wapi, mama?"

"Nilikiandikia chombo mazoea ya watu, mwalimu. Sikuwauliza watu."

"Na kitu gani ulikifanya sawasawa?"

"Sikuweka kile kitufe."

"Keti. Hizo ndizo maksi, na si za bure."

Bomba la kupunguza mlio lilifika hatimaye, mafundi wakalishusha kwenye lori na kuanza kutafuta spana. Kabla hawajapanda ngazi, msichana mmoja akaja mbio kutoka upande wa barabarani, jasho linamtoka. Alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nini, mwanangu?"

"Mama, nakuomba, wasilifunge kwanza." Akatazama chini, akavuta pindo la kanga. "Flora alipigiwa kigelegele na mtungi. Na mimi nipigiwe, nikiwa naingia mlangoni. Baba amesema atakuja kukwambia saa ya kweli."

Alute alikuwa ameshaanza kuwarudishia mafundi spana zao. Damari akaufuta mkono wake mafuta, akauweka juu ya kisanduku, akafumba macho kwanza. Kisha akavuta kiti na kuanza kuandika.